Kompyuta kuukuu, picha ya babu na nukta sitini: uzoefu wangu na Sqirlz Morph

Kompyuta yangu ni ya mezani, Pentium 4, RAM ya GB 1, na bado inatumia Windows XP. Niliinunua mkononi Mombasa. Ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, na kutoka gatini mpaka kwetu Langoni, Lamu, ikabebwa na punda, mimi nyuma nimekumbatia monita kama mtoto mchanga. Kila fundi aliyeiona alinishauri niiuze kwa vyuma chakavu.

Kazi niliyoitakia ni moja. Babu marehemu ana picha aliyopigwa studio ujanani, nyeusi na nyeupe, kofia ya vito kichwani. Mdogo wangu alipigwa picha Idi iliyopita, kofia kama hiyo hiyo. Nikataka sura ya babu igeuke polepole iwe ya mjukuu wake, kama zile nyuso zinazopokezana kwenye video ya Michael Jackson ya mwaka 1991. Wenyewe huiita mofu (waliosoma sarufi wasishtuke, si ile ya mofimu). Kwenye simu nilijaribu programu moja ikanigongea muhuri wake katikati ya paji la uso la babu, kisha ikaniomba pesa ili iuondoe. Nikaifuta.

Sqirlz Morph ni programu ya mofu ya bure, na kwenye XP inakwenda. Niliileta kwa flashi. Windows hii haipati tena ulinzi mpya wa kawaida tangu Aprili 2014, kwa hiyo intaneti siiunganishi kabisa.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilifungua picha mbili nikabonyeza, nikapata babu anafifia kama moshi na mdogo wangu anachomoza ndani yake, macho manne. Nilikuwa sijaweka nukta. Mofu ni kazi mbili kwa pamoja: kuvuta picha na kuififisha. Nukta ndizo zinazoiambia programu kwamba pembe hii ya jicho iende ikawe pembe ile. Usipoziweka, unabaki na kufifisha peke yake.

Basi nikakaa na kipanya. Pembe za macho, matundu ya pua, ncha za mdomo, kidevu, masikio, halafu ukingo wa kofia kuzunguka. Nilianza na nukta 14, nikaishia kama 60. Nukta moja ya ncha ya mdomo niliipeleka kimakosa kidevuni, na katikati ya safari babu akapinda mdomo kama aliyeng'ata ndimu. Nilipofika nukta ya 40 umeme ukakatika, nami sijahifadhi. Sasa kila nukta tano nahifadhi, liwalo na liwe.

Kofia ilinisaidia sana kwa sababu wote wawili wanayo. Ndevu ndizo zilizonitesa. Babu anazo, mdogo wangu hana, na kwa hilo nukta hazina dawa: ndevu zinayeyuka tu kama ukungu wa asubuhi. Pazia la studio na ukuta nyuma ya mdogo wangu nilivifuta kwa GIMP ya zamani, programu ya kuhariri picha, nikaweka kijivu kitupu, na picha ya Idi nikaiondoa rangi. Fanya hayo kabla ya nukta. Mimi nilifanya baada, nikarudia kazi.

Mashine yenyewe haikulalamika. Fremu (picha mojamoja za video) 75, yaani sekunde tatu kwa fremu 25 kila sekunde, ilizimaliza nilipokwenda kuswali Alasiri na kurudi. Kinacholiwa ni diski. Fremu moja ya 640 kwa 480 isiyobanwa ni baiti 921,600, kwa hiyo faili ya video ya AVI ya sekunde hizo tatu ni karibu MB 69. GIF, yaani picha inayocheza bila sauti, inabeba rangi 256 tu, na ngozi ya watu kwenye picha ya rangi hutoka mabakamabaka. Lakini picha isiyo na rangi vivuli 256 vinaitosha kabisa. Hapo ukuukuu wa picha ya babu ulinifaa. Ya kuwatumia jamaa kwenye simu niliibadilisha kwa programu ya VLC iwe video ya MP4.

Bibi nilimwonyesha usiku, miwani puani. Akatazama mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akanishika mkono.

"Simamisha hapo."

Ilikuwa fremu ya 38 au 39, katikati kabisa, uso ambao si wa mtu.

"Hayo mato ni ya ami yako," akasema (mato kwetu ni macho). "Hebu ondoa hizo ndevu za moshi nimuone vyema."

Ndevu sijaziweza. Nimemwomba mdogo wangu aache kunyoa mpaka Maulidi, nimpige picha upya.