Skrubu imeganda kwenye kitako cha shotigani: nilinunua bisibisi ya kugonga, iliyofanya kazi ni ya mtumba

Haya wadau mambo vipi, leo nipo Moshi hapahapa nyumbani kibarazani, jogoo wa jirani akiingilia mtamvumilia maana huyo hana saa. Juu ya meza nina vitu vitatu, bisibisi ya kugonga mpya kwenye boksi lake, kopo la dawa ya kutu ya kupuliza, na hii bisibisi bapa kuukuu niliyookota kwenye rundo la vyuma pale soko la Memorial. Tunaangalia kipi kinatoa skrubu iliyoshikwa na kutu kwenye mbao. Kwenye mbao nasema, siyo kwenye injini, hapo ndipo nilipokosea mimi na ndipo wengi mnakosea.

Mbao yenyewe ni kitako cha shotigani ya baba mdogo. Ile ya kukunja katikati, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, ya zamani sana. Kabla hamjaanza kunishambulia kwenye komenti, bunduki ina kibali, mwenyewe amekaa hapo nyuma ya kamera anakunywa chai, alishaikagua mbele yangu haina kitu na mitutu ameshaichomoa ameiweka pembeni yake. Mimi siyo fundi silaha, na kwa ile sheria ya silaha ya 2015 kutengeneza bunduki bila leseni ni kujitafutia kesi, kwa hiyo mambo ya vyuma vya ndani siyagusi na wewe usiguse. Hapa ni skrubu mbili tu za nyuma, zinazoshika kile kibati cheusi unachoegemeza begani. Kibati kimepasuka pembeni, baba mdogo anataka kiwekwe kipya, basi.

Sasa hebu sogeza simu dogo, hapo, karibu zaidi. Mnaona? Hii bunduki imekaa miaka Kibosho huko juu, na mnajua masika ya Kibosho, nguo unaanika Jumatatu unaanua Alhamisi bado mbichi. Unyevu unaingia kwenye tundu la skrubu, chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila, yaani skrubu inanenepa ndani ya mbao. Hizi mbao za wolnati nazo zina ile asidi yake inayokula chuma taratibu, ndio maana kuzunguka skrubu mnaona pameota weusi kama wino. Ukiona weusi huo jua shughuli unayo.

Tuanze na hii ya boksi. Nimeinunua 28,000, jina la kampuni silitaji. Inafanyaje kazi, unaweka ncha kwenye skrubu, unaipindisha kidogo upande wa kufungulia, halafu unaigonga kisogoni na nyundo. Kule kugonga kunasukuma ncha izame kwenye skrubu isiteleze na hapohapo inajizungusha kidogo, nukta moja. Mafundi pikipiki wanaijua, zile skrubu za kava la injini zinazokataa kila kitu hii inazing'oa, na kwa kazi hiyo mi naipa tisa kwa kumi sina ugomvi nayo. Lakini injini ni chuma, wewe unagonga mbao ya miaka na miaka. Nilipiga ya kwanza taratibu, haikusogea, nikapiga ya pili, baba mdogo akaweka kikombe chini akasema "we mtoto, hicho kitu unakipasua". Na alikuwa sahihi aisee. Hizi skrubu zimeingia kwenye kichwa cha mbao, kule nyuzi zinakoishia, ukigonga hapo mbao inachanika kwa urefu kama kuni, na hata isipochanika pale, shingo ya kitako ni nyembamba na nguvu yote ya nyundo inaenda kuishia hapo. Hicho kibati nacho siyo bati, ni mpira mgumu wa zamani, ukizeeka unakuwa kama kigae. Ule ufa wa pembeni ulikuwepo, huu mdogo wa katikati ni wangu mimi. Nimeshaomba msamaha.

Dawa ya kupuliza. Wengi mkisikia kutu mnafikiri WD-40, na ni kitu kizuri, ila mjue ilitengenezwa 1953 huko San Diego kwa ajili ya kufukuza maji yasikae kwenye chuma, na hiyo 40 ni kwamba ni fomula ya arobaini. Siku hizi zipo dawa zilizotengenezwa maalum kupenya kutu, hili kopo langu ni la hizo. Kwenye nati ya gari mimina tu kalale urudi asubuhi. Kwenye mbao usithubutu! Kichwa cha mbao kinanywa mafuta kama mrija, mbao inakuwa nyeusi, inalainika, na ikishalainika skrubu mpya haishiki tena. Bunduki nyingi za zamani vitako vyake vimeharibika kwa mafuta siyo kwa mvua. Mimi nilichovya kijiti cha masikio nikagusa tone moja kwenye ukingo wa skrubu, nikafuta. Ilisaidia? Kwa kweli siwezi kuapa.

Haya sasa mtumba, 3,000 tu. Ukiangalia skrubu za bunduki za zamani, ule mfereji wa kichwani ni mwembamba halafu kuta zake zimesimama wima. Bisibisi bapa ya dukani imechongwa kama kabari, huku nene huku nyembamba, kwa hiyo inagusa juu tu kwenye midomo ya mfereji, ukizungusha inapanda inatoka, inakula midomo, na hapo ndipo skrubu inapoharibika. Kutu inasingiziwa bure, nyingi zinauawa na bisibisi isiyoenea. Kwa hiyo nilichukua hii kuukuu, ina chuma kigumu cha kizamani na shingo yake ni ya pembe nne, nikaikata ncha kwa tupa na jiwe la kunolea mpaka pande zote mbili zikawa sambamba, najaribu, napiga tupa tena, najaribu, mpaka ikaingia kwenye mfereji kwa kubana, ikafika chini kabisa na upana ukaenea kichwa chote bila kuzidi nje. Ukitumia mashine ya kusaga chovya kwenye maji kila saa, chuma kikigeuka rangi ya bluu ujue ugumu umeshaondoka, utakuwa umetengeneza kijiko.

Halafu joto. Pasi ya kulehemu nyaya, ile ya fundi redio, unaweka ncha yake juu ya kichwa cha skrubu tu, dakika moja mbili hivi. Chuma kinatanuka, unaacha kipoe kinanywea, kutu inaachia. Ukianza kusikia harufu ya salfa, kama njiti ya kibiriti ikiwaka, toa haraka maana ni kile kibati cha mpira kinaungua. Mimi nilirudia mara tatu, na katikati ya ya pili umeme ukakatika, tukakaa na baba mdogo tukaongelea bei ya kahawa mpaka ukarudi.

Kuzungusha sasa, msikilize vizuri hapa. Nimefunga kitako kati ya magoti na taulo, uzito wangu wote nimeuweka juu ya bisibisi, spana nimeishika kwenye ile shingo ya pembe nne, na kwanza nakaza. Ndio nakaza, kidogo sana, nywele tu, mpaka nisikie "tik". Hiyo tik ndiyo kutu imekatika. Halafu ndio unarudi kufungua, robo, unakaza kidogo, robo tena. Ya juu ikatoka nzima, ndiyo hii hapa, angalieni kiuno kilivyoliwa, mwanzo ilikuwa unene mmoja mpaka chini.

Ya chini ilikataa. Kuna mtu alishaivuruga zamani, midomo ya mfereji hakuna, na zile nyundo zangu mbili zilikuwa juu yake hiyohiyo kwa hiyo nami nimo kwenye mashtaka. Hapo usijaribu kuchonga mfereji mpya kwa msumeno wa chuma, kichwa kimezama ndani utakata kibati. Nilipiga alama katikati kwa panchi, kwa mkono nikiisukuma siyo nyundo, nikaweka drili ya mkono na biti pana kidogo kuliko kiuno cha skrubu, polepole, mpaka kichwa kikakatika chenyewe kikabaki kwenye biti kama pete. Kibati kikatoka, na pale chini skrubu ikabaki imechomoza kama milimita tano hivi. Hapo raha, pasi ya joto tena, koleo la kujibana likashika kile kisiki, kaza kidogo, tik, fungua. Dakika arobaini kwa skrubu moja.

Matundu yamepanuka, nimejaza njiti za mbao na gundi ya mbao, kesho ikikauka natoboa upya. Skrubu mpya nitazipaka nta ya mshumaa, siyo sabuni, sabuni inavuta maji utarudi hapahapa.

Kwa hiyo bisibisi ya kugonga kama una pikipiki nunua, kwa mbao iache dukani. Dawa ya kutu nunua ila kwa tone. Hii ya 3,000 siuzi, ameshaniuliza mtu. Na ya boksi nampa fundi wa bodaboda hapo njia panda, ameshakuja kuiangalia mara mbili tangu asubuhi. Baba mdogo ameweka ile skrubu iliyoliwa mfukoni, nilipomuuliza ya nini akasema anaenda kumwonyesha mama mdogo kwa nini amechelewa kurudi.