Kutuma mifarishi kutoka Mtwara kwa basi, Posta na kampuni za vifurushi: uzoefu wangu

Mfarishi wa kushonwa kwa mkono, yaani tandiko la viraka lenye ujazo wa pamba au faiba ndani, ni mzigo mgumu kusafirisha kwa sababu mbili. Umbo lake ni kubwa kuliko kilo zake, halafu unanyonya chochote kilicho jirani: maji, moshi, harufu. Nimetumia njia tatu kutoka hapa Mtwara mjini, na kila moja ina mahali inapofaa.

Kwa mteja wa Dar es Salaam, basi halina mpinzani kwa bei. Linatoka stendi ya Mkanaledi asubuhi na mapema, na kwa kawaida siku hiyohiyo mzigo unafika Mbagala, kilomita 550 na ushee. Karani wa mizigo hukadiria kwa macho tu, kwa hiyo bunda dogo lililokazwa hutozwa nafuu kuliko lililovimba, hata kama mfarishi ni uleule. Elewaneni bei kabla hajaandika risiti.

Hatari ya basi ni buti. Mabasi ya Kusini hubeba samaki, wakavu na wa barafu, na barafu ikiyeyuka maji yanatiririka sakafuni. Maji hayo yakigusa mfarishi wa khanga, hasara ni mbili: harufu haitoki kwa kufua mara moja, na khanga nyekundu ambayo haikufuliwa vya kutosha kabla ya kukatwa huchuja rangi kwenye viraka vyeupe. Mwombe anayepakia auweke juu ya mizigo mingine, mbali na matenga, na usiondoke mpaka umeona umewekwa wapi. Usimpe konda mkononi bila risiti kwa kuwa bei imepungua kidogo. Mzigo ukipotea huna pa kuanzia. Risiti iwe na majina na namba za simu za pande zote mbili, idadi ya vifurushi, na thamani. Wengi huandika "nguo" na kuacha sehemu ya thamani wazi. Nisisitize hapo: bila thamani, madai yako yataishia kwenye kiasi kidogo kilichochapwa nyuma ya risiti. Piga picha risiti na namba za basi, umtumie mpokeaji. Uliza pia kama ofisi ina leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kusafirisha vifurushi na vipeto. Yenye leseni ina mahali pa kushtakiwa.

Kwa mteja wa nje ya nchi ninapendelea Posta, na sababu ni hesabu. Kampuni nyingi za kimataifa za vifurushi hupima uzito wa mzani na uzito wa ukubwa, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ukubwa ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Chukua mfarishi wa sentimita 220 kwa 240 wenye kilo 3.2. Ukiutia kwenye boksi la 60 × 45 × 35 bila kuubana, unapata kilo 18.9 za kulipia. Ukiubana uingie boksi la 50 × 40 × 18, unapata 7.2. Posta kwangu wamekuwa wakipima kwa mzani tu, na mzani unasema kilo 3.7 pamoja na ufungaji. Tofauti hiyo kwa mshonaji mdogo ni faida yote ya kazi. Kampuni za vifurushi ninawaachia wateja wenye haraka walio tayari kulipia wenyewe, na kwa kweli kwa kasi na taarifa za njiani hazina mfano.

EMS, huduma ya haraka ya Posta, ni ghali kuliko kifurushi cha kawaida lakini hufika mapema. Vyote hupewa namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni. Ya EMS huanza na E, ya kifurushi huanza na C. Mtumie mteja namba hiyo siku hiyohiyo. Fomu ya forodha ni CN23. Andika kwa Kiingereza kwamba ni mfarishi wa viraka ulioshonwa kwa mkono, taja asilimia ya pamba, weka bei halisi na namba ya ushuru 9404.40. Neno "zawadi" kwenye bidhaa iliyouzwa ni uongo, na unaweza kuzuia mzigo. Kwa Marekani, tangu tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 umeondolewa, kwa hiyo uliza dirishani kwanza utaratibu wa sasa, kisha mwambie mteja kuhusu ushuru kabla hajalipa.

Ufungaji ndio unaoamua yote, njia yoyote utakayochagua. Pwani yetu ina unyevu, na pamba huunywa kutoka hewani bila wewe kuona. Ukiufungia ndani ya nailoni, ukungu huota kwenye mikunjo kabla mzigo haujafika. Anika mfarishi kivulini penye upepo kuanzia asubuhi, ufunge saa saba au nane mchana, kamwe usifunge usiku wala siku ya mvua. Tia vifuko viwili vya silika. Mchele usitie, huleta wadudu. Naftalini pia hapana, harufu yake hukaa wiki nyingi.

Kunja mara tatu kwa urefu, kisha viringisha, upande wa viraka ukiwa ndani. Vesha mfuko wa kitambaa cha marekani, halafu nailoni nzito. Piga magoti juu yake utoe hewa taratibu, kaza mdomo kwa soltepu. Usitumie mashine ya kunyonya hewa mpaka ukawa mgumu kama tofali: ujazo wa faiba huinuka tena, lakini wa pamba hubaki na makunyanzi, na mahali mishono ilipoachana zaidi ya upana wa kiganja ujazo husogea na kuacha matundu. Nje, kwa basi, weka mfuko wa salfeti na uushone mdomo kwa shazia. Ukifumuliwa njiani, mpokeaji ataona. Kwa Posta tumia boksi jipya, na peleka likiwa wazi, kwa sababu wanaweza kutaka kukagua. Jina na simu ya mpokeaji viandikwe nje kwa maki pen na ndani kwenye karatasi, maana lebo hubanduka.

Usihesabu kwamba safari itakuwa ya siku moja. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika na mizigo ikakwama njiani. Masika, funga kana kwamba mzigo utalala nje.

Juu kabisa, chini ya mdomo wa boksi, weka kipande cha kadibodi: wapokeaji wengi hufungua kwa wembe, na wembe hupita soltepu ukaingia kwenye kiraka cha kwanza. Mwambie mpokeaji autoe mfarishi mara mzigo unapofika, autundike kivulini siku nzima, na apige picha boksi kabla ya kulifungua. Picha hiyo ndiyo ushahidi pekee utakaokuwa nao ukienda kudai.