Jengo la kutuliza moyo, mapokezi ya kupandisha presha

Niliambiwa kituo hiki cha ushauri nasaha kimejengwa mahususi kwa sisi tuliopitia ukatili. Nikaenda, juzijuzi tu. Rangi za kutani nzuri, maua yapo, sikatai. Ila viti!

Viti vya mapokezi vimefungwa sakafuni kwa bolti, na vyote vimeupa mlango mgongo. Mtu aliyewahi kuvamiwa kwa nyuma akae hapo vipi? Mlango nao una kufuli la umeme: kila anayeingia, tak! nami naruka. Shingo iliponichoka kwa kugeukageuka nikaenda kuegemea ukuta, macho mlangoni, angalau nihesabu wanaoingia. Dada wa mapokezi akapaza sauti toka nyuma ya kioo: "We dada uliyesimama, kaa! Umekuja kwa tatizo gani?" Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilitaja jina la uongo, na la tatizo pia.

Aliyechora ramani ile hajawahi kuketi pale akisubiri kuitwa, naapa. Uingereza kuna vituo vya Maggie's vya wagonjwa wa saratani, cha kwanza kilifunguliwa Edinburgh mwaka 1996. Kule hakuna dawati la mapokezi. Unaingia unakuta jiko na meza, unajimiminia chai. Meza tu! Si jambo la mabilioni.

Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja. Kisha nikaingia chumbani kwa mshauri. Viti vyepesi, vinahamishika, na mama yule akaniuliza, "Ungependa tukae wapi?" Nikavuta changu karibu na mlango, naye hakusema neno. Dirisha liko chini, ukikaa unaona mti. Tangu 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba waliopasuliwa nyongo wakalazwa mbele ya miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Nilidhani ni maneno ya wasomi. Pale mabega yalishuka yenyewe. Nikalia, nikacheka, nikalisamehe jengo zima. Nyota nne, nikasema, hata tano.

Sasa kutoka. Njia ni ileile: macho mekundu, kamasi, unapita katikati ya ukumbi uleule, kufuli likikupigia tak. Mwisho wa korido niliona mlango mwingine unaofungukia bustanini. Nikauliza kama naweza kupitia huko. Nikaambiwa ule ni wa wafanyakazi.

Nyota mbili. Chumba kile kingekuwa peke yake, ningerudi kesho.