Ferumoksitoli kwenye MRI: neno la radiografa

Kwa miaka mingi kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) niliyoijua kwenye MRI, mashine ya picha ya sumaku, ilikuwa gadoliniamu tu. Ferumoksitoli, dawa ya chuma, nimeletewa na wagonjwa wa figo. Tangu 2006, baadhi ya kontrasti za gadoliniamu zilipohusishwa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimechoka kabisa, kila fomu ya mgonjwa wa dayalisisi ikitua mezani ilizua mjadala. Dawa hii ilituondolea mjadala huo, ikatuletea mingine.

Haikutengenezwa kwa ajili yetu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiruhusu 2009 kutibu upungufu wa chuma kwa wagonjwa wa figo. Sisi wa picha tunaiazima tu, kwa uamuzi wa daktari. Kichupa kina miligramu 510 za chuma ndani ya mililita 17, na rangi yake ni ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Humo mna chembe za oksidi ya chuma zilizovishwa koti la wanga, nanomita kama 30 kila moja. Chembe nyekundu ya damu inazizidi kwa upana zaidi ya mara 200, lakini chembe hizi bado ni kubwa mno kuchujwa na figo au kupenya ukuta wa mshipa usio na hitilafu. Basi zinabaki kwenye damu, zinazunguka.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa gadoliniamu nakimbizana na sekunde: nikichelewa kidogo, picha ya ateri imeshaharibika. Hii, baada ya saa 15 hivi, nusu yake bado imo mwilini ikizunguka. Mgonjwa wangu wa kwanza alikohoa, akajigeuza, mwishowe akaomba kwenda msalani. Nikamtoa, nikamrudisha, nikapiga upya, na vena zake za kifua zilikuwa zinang'aa vilevile. Ile iliyoziba nyuma ya mtulinga, ambayo ultrasaundi haikuweza kuifuata, ilionekana wazi. Ateri na vena hung'aa pamoja, kweli, na kuzitenganisha kunataka jicho. Hata hivyo, kwa mishipa naipa nne kati ya tano bila kusita.

Nyota ya tano inaliwa na saa ya ukutani. Kuna hatari ya mzio mkali unaoweza kuua, na tangu onyo la FDA la 2015 dawa huchanganywa na maji ya dripu, iingie kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa aangaliwe dakika 30 nyingine. Siku hizi dripu tunaitundika nje ya chumba cha sumaku, foleni isikwame.

Halafu kuna ini. Seli walaji za ini, bandama na uboho humeza chembe hizi, na zinapolundikana mawimbi yanayotupa picha hufa, pengine hadi miezi mitatu. Siku moja nilipiga ini likatoka jeusi kama mkaa. Nikalaumu mashine. Nikabadili koili, antena inayopokea mawimbi, nikapiga tena: mkaa uleule. Ndipo nikamuuliza mgonjwa kama aliwahi kuwekewa chuma.

"Ile dripu nyeusi? Kama wiki sita zilizopita. Kwani na hiyo inahusu?"

Fomu yake haikuwa na hata herufi moja kuhusu jambo hilo. Sasa swali hilo nimeliandika kwa kalamu kwenye fomu yangu, chini ya lile la betri ya moyo.