Forodhani kwa mama mwenye mtoto asotulia

Watu wengi wanaipima Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari Mji Mkongwe Zanzibar panapouzwa vyakula jioni, kwa pweza na piza, mie naipima kwa kitu chengine, jee unaweza kukaa na shoga zako pale ukiwa na mtoto ambae hatulii? Mwanangu ana miaka 6, akikasirika anapiga, anang'ata, na akishaanza ukelele hasikii la mtu. Mwaka jana tulikwenda mkahawa mmoja mjini na shoga zangu watatu niliosoma nao skuli, chakula kikachelewa mno, akavuta kitambaa cha meza vyombo vyote chini, tukaambiwa tutoke. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya hapo nikawa mie mwenyewe nakataa kila nikialikwa, leo naumwa, kesho nna wageni, mpaka meseji zikakatika.

Mmoja wao ndo alonambia njoo Forodhani na mtoto umlete, sisi tutakuja huko huko.

Wallahi pale nimepumua. Chakula hakingojwi, mishkaki ishaiva iko jikoni, urojo unamiminiwa unauona, mtoto anashika muhogo wake basi, maana mwanangu njaa na kungoja ndo vinavyomuharibu. Halafu kelele zishakuwepo, wauzaji wanaita wateja, vijana wanachupa baharini, akipiga ukelele hakuna anaegeuka kunitazama kama sijui kulea. Tangu bustani ilivyotengenezwa na Aga Khan ikafunguliwa tena 2009 kuna na sehemu ya watoto kuchezea, akichoka kukaa anakwenda kukimbia. Tunafanya zamu, mmoja anamfuata yeye wawili tunazungumza, na zamu ya shoga zangu ikifika wanamfuata kweli hawanitazami mie niinuke. Nilikuwa sijamaliza hadithi moja na mtu mzima mwezi wa ngapi huo!

Sasa na ya kuangalia yapo. Ukuta wa bahari uko karibu, mtoto wa mbio usimwachie mkono upande ule. Majiko ya makaa yako wazi na watu wanapita katikati, kwa hiyo msikae karibu na meza za chakula, chukueni chenu mkae kwenye majani. Wikiendi usiku msiende, ni msongamano na wageni, nendeni siku za kazi kabla ya magharibi, wauzaji ndo wanapanga meza bado kweupe. Bei ulizeni kabla ya kula. Na wakati wa kuondoka usimvute ghafla, mie namwambia mapema tukimaliza juisi ya miwa tunakwenda nyumbani, namkumbusha tena gilasi ikifika nusu, siku nyengine analia lakini hajitupi tena chini.

Kiingilio hakuna, kwa hivyo hata akichafukwa baada ya dakika 10 mkarudi hamjapoteza kitu.

Yule shoga yetu wa tatu bado hajaja. Juzi nimemtumia meseji mie mwenyewe, Jumanne saa kumi na moja, upande wa miwa.