Degrii ya Historia na Uchumi kwa pamoja: nyota nne, na sababu ya ile iliyokosekana

Kila msimu wa kujaza fomu za chuo naulizwa swali lilelile, eti hii degrii ya Historia na Uchumi kwa pamoja inalipa au ni kuungaunga tu kwa watu walioshindwa kuchagua? Mimi nimeisoma nikaimaliza, so nawamwagia yote hapa, kazuri nasema na kabovu nasema. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza mjue mnaingia kwenye nyumba yenye wazee wawili wasioongea. Idara ya Uchumi inakupa maswali kila wiki, chora grafu, tafuta mlinganyo, jibu ni sahihi au si sahihi, basi. Idara ya Historia inakupa orodha ya kusoma ndefu kuliko wiki yenyewe halafu inataka insha, na ukijiamini sana kwenye hiyo insha unaulizwa pembeni kwa kalamu nyekundu "nani kasema? aliandika lini? alikuwa anamwandikia nani?" Na hawa wawili hawajawahi kukaa pamoja wakapanga ratiba, dedilaini zinagongana muhula mzima, ukilalamika huku unaambiwa kaulize kule. Ukitaka maisha ya raha chuoni hii siyo kozi yako, nasema mapema.

Ila sasa raha yake iko pale masomo yenyewe yanapogongana. Chukua ule mdororo mkubwa wa uchumi wa 1929 na kuendelea. Kwenye lekcha ya makro, yaani uchumi wa nchi nzima, unaelezwa kwamba kati ya 1929 na 1933 jumla ya pesa Marekani, noti pamoja na amana za benki, ilipungua kwa karibu theluthi moja, mabenki yakafa kwa maelfu, ukosefu wa ajira ukafika karibu asilimia 25. Sawa, na dawa mwalimu anakuonyesha ubaoni, ongeza pesa, shusha riba, bei ziache kuporomoka. Mwanafunzi yeyote anajiuliza, sasa hawa jamaa walikuwa wajinga? Mbona hawakufanya? Unaambiwa mikono ilifungwa na mfumo wa dhahabu, thamani ya pesa imefungwa kwenye dhahabu, huwezi kujiachia. Uingereza ilitoka kwenye huo mfumo Septemba 1931, Marekani 1933, Ufaransa iling'ang'ania mpaka 1936, na ukiweka hizo nchi kwenye grafu moja unaona kabisa waliotoka mapema ndo waliopata nafuu mapema. Hapo mwanauchumi anafunga kitabu, kamaliza.

Unavuka barabara kwenda semina ya historia na swali linaanza upya: kama mlango ulikuwa wazi kwa nini wengine walikaa ndani nyumba ikiungua? Ndo unaanza kusoma hotuba na barua za watu wenyewe, unakuta kwa wakuu wa benki wa enzi zile dhahabu ilikuwa ni uaminifu, ni heshima ya nchi, kuiacha ni kama kukiri kwamba nchi yako ni tapeli. Unakuta Mjerumani bado anaikumbuka Novemba 1923, dola moja ilikuwa sawa na maki (pesa ya Ujerumani) trilioni 4.2, akiba ya mzee wa maisha yote hainunui hata stempu, sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia miaka 8 baadaye tuchapishe pesa kidogo anakuona mwendawazimu hata kama bei zinashuka kila mwezi. Yaani walikuwa wanaogopa mafuriko katikati ya ukame. Hiyo hofu haimo kwenye mlinganyo. Lakini na historia peke yake isingekuambia kwamba kutoka kulisaidia, ungebaki na hotuba nzuri za pande zote mbili na huna namna ya kujua nani alikuwa sahihi. Hapo ndo nilielewa nalipia ada ya nini.

Au lile janga la tauni lililofika Uingereza 1348 likaua theluthi ya watu mpaka nusu kutegemea unamsoma nani. Maikro ya mwaka wa kwanza, yaani uchumi wa soko mojamoja, inakwambia wafanyakazi wakipungua ujira unapanda, na kweli ulianza kupanda, ila 1351 bunge la wenye mashamba likapitisha sheria ya kurudisha ujira ulipokuwa kabla ya tauni. Haikufua dafu kwa muda mrefu, ujira ukapanda. Sasa nenda mashariki ya Ulaya, karne zilizofuata, wafanyakazi wachache vilevile, na huko wakulima wakaishia kufungwa kwenye ardhi ya bwana. Uhaba uleule, matokeo mawili tofauti, maana kuna kitu kinaitwa nguvu, nani ana askari nani hana, na grafu ya ugavi na mahitaji haina mahali pa kuiweka.

Kitu kingine ninachoisifia ni jinsi inavyokufundisha kutoziamini namba kizembe. Kuna zoezi tulipewa la bei za zamani, mtu anaingiza bei za mkate kwenye kompyuta mwaka hadi mwaka na anaona mstari umelala kabisa, hakuna mfumuko wa bei, safi. Kumbe kwa Uingereza ya zama hizo sheria ilikuwa inashikilia bei ya mkate na kinachobadilika ni uzito, ngano ikipanda mkate unapungua. Ukisoma bei bila uzito unaandika ripoti nzuri sana ya uongo. Na miaka iliyokosekana kwenye madaftari mara nyingi ndo miaka ya vita na njaa yenyewe, karani kakimbia au kafa, so ile wastani yako unayoipiga ni ya miaka mizuri tu. Mwanauchumi mtupu anajaza pengo kwa kukisia na kusonga mbele, mwanahistoria mtupu anakata tamaa na namba zote. Ukisoma vyote unauliza kwanza pengo limetoka wapi.

Na msidanganywe kwamba ni kozi ya vumbi. Robert Fogel na Douglass North walipewa Nobel ya uchumi 1993 kwa kazi za historia ya uchumi, Claudia Goldin 2023 kwa kufuatilia ajira na mapato ya wanawake kwa zaidi ya miaka 200, na Ben Bernanke aliyekuwa anaongoza benki kuu ya Marekani mambo yalipolipuka 2008 alikuwa ametumia miaka yake ya uprofesa kuchunguza huohuo mdororo wa miaka ya 1930. Kazi zipo: benki, utafiti, uandishi wa habari za biashara, wizara za fedha. Utaulizwa tu kwenye kila intavyuu "kwa nini vyote viwili?", uwe na jibu.

Sasa ile nyota moja. Vyuo vingi vinakuuzia nusu mbili halafu daraja wanakuachia ujenge mwenyewe. Somo linalounganisha, historia ya uchumi yenyewe, linawekwa la hiari mwaka wa mwisho, wakati lilitakiwa liwe uti wa mgongo kuanzia siku ya kwanza. Na kwa sababu nafasi ni chache kinachokatwa ni hesabu, unamaliza na takwimu za juujuu, ekonometriki (kupima nadharia za uchumi kwa takwimu) kidogo, ukiomba masta ya uchumi mtupu unakuta wenzako wamekuacha mbali na inabidi uongeze masomo ya hesabu kwa nguvu zako. Upande wa historia nao wanakata mafunzo ya kusoma nyaraka, mtu anafika kwenye tasnifu hajawahi kushika daftari la zamani akajua hata kulisoma mwandiko wake. Hiyo bana inakera, maana ni vitu vinavyorekebishika.

Kwa hiyo kama unachukia hesabu usije kwa kudhani historia itakubeba, haitakubeba, na kama kuandika kurasa kumi kunakuumiza kichwa kaa huko kwenye uchumi wako. Kama vyote unavimudu, kabla hujajaza fomu angalia mambo haya: ekonometriki ni lazima au ni hiari, historia ya uchumi inaanza mwaka gani, na tasnifu inasimamiwa na nani. Hilo la mwisho waulize uso kwa uso, wakikutajia msimamizi wa idara moja tu, hapo ujue daraja hakuna, tafuta chuo kingine.