Canon, Sigma au Tamron? Kabla hujatoa hela angalia ringi ya zumu inazungukia wapi

Wapiga picha wenzangu, wiki hii nimepokea meseji nyingi za swali moja, ninunue lenzi ya zumu ya milimita 24-70 ya Canon yenyewe au nichukue ya kampuni nyingine nibakize hela ya flashi. Nawajibu kwa kilichonikuta.

Mwaka juzi nilinunua zumu ya kampuni nyingine kwa ajili ya bodi yangu ya Canon, yaani kamera bila lenzi. Muuzaji akaniambia dada chukua hiyo, lenzi ni lenzi. Kampuni siitaji maana lenzi haikuwa mbovu, picha zilitoka safi. Jumamosi nikaenda nayo kwenye sendofu, binti anaingia ukumbini na mama yake, wamefika katikati mama akaanza kulia, binti anamfuta machozi kwa kitambaa, mimi nazungusha ringi nivute nyuso zao, mkono unakwenda upande uliouzoea miaka sita, na lenzi inakwenda kinyume, badala ya kuvuta ikapanuka nikapata meza, mapambo na mgongo wa MC. Nilivyogeuza mkono machozi yameshafutwa. Mama mtu alikuja kuiulizia ile picha, sikuwa nayo.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ringi hazizunguki upande mmoja. Zumu za Canon zinakwenda upande mmoja, za Nikon upande wa pili. Sigma 24-70 Art inafuata Canon, Tamron inafuata Nikon. Na upande huo hutaubadilisha. Sigma ana kifaa chake cha USB Dock na Tamron ana TAP-in Console, unarekebisha fokasi na kuapdeti programu ya lenzi, lakini ringi itabaki vile vile. Watu watakwambia utazoea, sawa, utazoea, ila ukiwa na bodi mbili shingoni, moja ina lenzi ya Canon na nyingine inazunguka kinyume, ukumbi una giza na MC anakimbiza ratiba, mkono unachanganyikiwa.

Mambo ya ukali wa picha siyagusi, zote tatu zinatosha kwa albamu ya harusi, zote ni f/2.8, yaani zinaingiza mwanga mwingi, na zote zinatumia filta ya milimita 82.

Namba moja kwangu ni Canon 24-70 f/2.8L II, ile ya 2012. Sifichi, mimi ni mtu wa Canon. Ina gramu 805, nyepesi kuliko hizo mbili, na ukihamia EOS R, zile kamera za Canon zisizo na kioo ndani, unaivalisha adapta ya Canon unaendelea na kazi. Haina kitu cha kutuliza mtikisiko, hilo ndo pungufu lake, kwa video utahitaji stendi. Kama mpya inakushinda tafuta mtumba, mulika ndani kwa tochi ya simu uone kama kuna fangasi, hasa kama lenzi imekaa pwani.

Namba mbili Sigma 24-70 Art ya 2017. Inatuliza mtikisiko, na mkono wako hautapotea. Uzito wake ni gramu 1,020, harusi ya saa kumi utausikia kwenye kiwiko. Na tafadhali tuache kuiita feki, Sigma ni kampuni ya Kijapani inayotengeneza lenzi zake yenyewe.

Namba tatu Tamron SP 24-70 G2, nayo ya 2017. Inatuliza mtikisiko vizuri na ilipotoka bei yake ilikuwa nafuu kuliko Sigma. Kama unatumia Nikon basi geuza orodha yangu, Tamron ipande juu ya Sigma.

Hela ndogo? Canon 50mm f/1.8 STM, haina zumu, ukitaka kuvuta unasogea kwa miguu. Yongnuo 50, ya kampuni ya Kichina, ni rahisi zaidi kwa bei.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji. Unaingia na bodi yako unaomba uifunge lenzi ujaribu dakika mbili, anakwambia boksi likifunguliwa umenunua. Bei anakutajia kwa dola, ukitoa shilingi anakupigia rate ya kwake, gerentii ya mdomo. Nilivyorudisha ile yangu Jumatatu akaniambia dada lenzi nzima hii, tatizo ni mkono wako, akanikata laki tatu ndo akaipokea. Siku hizi nikikataliwa kujaribu naondoka, hata kama ndo duka pekee lenye mzigo.